Kabla ya kununua kalkilateri mpya, pima kwanza omu 60



Leo ninawaletea habari ya waya mbili nyembamba zilizobaki kidogo zimfukuzishe mzee mmoja kazi. Ndani yake nitaeleza namna mashini nzito za leo zinavyoongea zenyewe kwa zenyewe, na namna ya kutafuta kosa wakati maongezi hayo yanakatika. Nitaeleza pia pale nilipokosea mimi mwenyewe, ju ndipo nilipojifunza zaidi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua imeanza kukaza. Nilikuwa nimemaliza elektromekanika, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusaidia mafundi kwenye shantie moja ya barabara, upande wa kutoka Bukavu kwenda Nyangezi, njia ile inayoteremka Ngomo mpaka Kamanyola. Wenye kuijua wanajua: mvua ikinyesha siku mbili bila barabara kusawazishwa, malori yanaanza kulala njiani, na bei ya unga kule Kadutu na Essence inapanda bila mtu kuuliza sababu.

Mashini yenye shida ilikuwa niveleze, ile greda ndefu ya kusawazisha barabara, yenye kisu kirefu katikati. Ilikuwa inawaka vizuri asubuhi. Kisha katikati ya kazi taa zote za kwenye dashibodi zinawaka pamoja, gia inarudi yenyewe kwenye nyutro, injini inabaki inanguruma chinichini, hata ukikanyaga haipandi. Ukizima na kungojea kidogo, mara nyingine inarudi kuwa nzima kama hakuna kilichotokea. Mafundi walikuwa wamekwisha kuipa jina: mashini ya mashetani.

Mkubwa wa mafundi alikuwa na maelezo yake: dereva aliivusha kwenye maji, maji yakaingia ndani ya kalkilateri, ndiyo ile kompyuta ndogo inayoongoza injini. Patroni akaulizia bei ya kalkilateri mpya: dola 4.800 na kungoja majuma matatu. Akatangaza kwamba pesa hizo zitakatwa kwenye mshahara wa dereva. Papa huyo alikuwa anapata dola 250 kwa mwezi. Piga hesabu: ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kufanya kazi bure, na watoto wako shuleni.

Ndipo wakaniita. "Mutoto ya masomo, kuya utuonyeshe kama diplome yako iko na kazi."

Kwa nini mashini zinaongea

Zamani kila kitu kilikuwa na waya wake. Sensa ya joto la maji, waya mmoja mpaka kwenye saa ya dashibodi. Sensa ya presha ya oili, waya mwingine. Mashini zilipoongezewa vifaa vya umeme, waya zikawa nyingi mno, nzito, za bei, na kila kiungio kikawa mahali pengine pa kuharibika.

Mwaka 1983 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza njia nyingine, na mwaka 1986 ikaionyesha hadharani kule Detroit, Marekani. Njia hiyo inaitwa CAN. Badala ya kila kifaa kuwa na waya wake kwenda kwa kila mwenzake, kompyuta zote za mashini zinaunganishwa kwenye waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Moja inaitwa CAN ya juu, nyingine CAN ya chini. Kompyuta ya injini, ya gia, ya kabini, zote zinasema na kusikiliza hapo hapo. Kwenye malori makubwa na mashini za ujenzi, lugha inayotumika sana juu ya waya hizo ni J1939, na kasi yake ya kawaida ni biti 250.000 kwa sekunde.

Fikiria barza ya wazee. Wote wamekaa duara moja, kila neno linasikiwa na wote, na kila mtu anachukua lile linalomhusu. Wawili wakianza kusema wakati mmoja, mwenye habari nzito anaendelea na mwingine ananyamaza mpaka zamu yake. CAN iko hivyo hivyo: kila ujumbe una namba, na namba ndogo ndiyo yenye haki ya kupita kwanza. Mwenye namba kubwa ananyamaza bila kumharibia mwenzake, halafu anarudia.

Sasa, kompyuta ya gia inahitaji kujua injini inazunguka kwa kasi gani, na habari hiyo inatangazwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Isiposikia tena, haina njia ya kujua kama injini imezima, imeharibika, au ni waya imekatika. Inachagua usalama: inaweka nyutro. Kompyuta ya injini nayo isiposikia amri kutoka kabini, inashusha nguvu. Kwa hiyo niveleze yetu haikuwa na mashetani. Ilikuwa inaogopa, kama mtu yeyote anayetembea gizani na mwenzake amenyamaza ghafla.

Omu 60 zinatoka wapi

Kwenye kila mwisho wa zile waya mbili kuna rezista ya omu 120. Kazi yake ni kumeza mawimbi ya umeme yakifika mwisho, yasirudi nyuma. Simama kando ya ziwa Kivu chini ya mlima upige kelele: sauti inakurudia, na ukiendelea kusema, maneno yako yanachanganyika na mwangwi. Bila rezista hizo ujumbe unagonga mwisho wa waya na kurudi kuchafua ujumbe unaofuata.

Rezista mbili za omu 120 zikikaa sambamba, jumla yake ni omu 60. Hesabu hii tuliifanya wote kwenye masomo, tukaandika kwenye mtihani, tukasahau. Kumbe ni chombo cha kazi. Unatoa kwanza betri, ju kupima omu kwenye waya yenye umeme kunakupa namba ya uongo na kunaweza kuharibu multimeta yako. Kisha unaweka ncha za multimeta kati ya CAN ya juu na CAN ya chini, na unasoma:

– karibu omu 60: rezista zote mbili zipo na njia kati yake ni nzima;
– karibu omu 120: rezista moja haionekani, au waya imekatika mahali fulani kati yako na hiyo rezista;
– karibu omu 40: kuna mtu ameongeza rezista ya tatu;
– karibu omu 0: waya hizo mbili zimegusana;
– multimeta haionyeshi kitu: njia imekatika pande zote, au huko kwenye waya sahihi.

Angalisho: kwenye mashini nyingine rezista moja imo ndani ya kompyuta yenyewe. Ukichomoa kompyuta hiyo ukaona 120, usipige kelele za ushindi. Ni wewe uliyeitoa. Tena mashini moja inaweza kuwa na mitandao ya CAN miwili au mitatu, kwa hiyo tafuta mchoro wa umeme wa mashini hiyo hiyo, si wa ndugu yake.

Mahali rahisi pa kupimia ni kwenye fishi ya uchunguzi ndani ya kabini. Kwenye mashini nyingi za J1939 ni fishi ya mviringo ya Deutsch yenye pini 9. Pini A ni hasi ya betri, B ni chanya, C ni CAN ya juu, D ni CAN ya chini. Mara nyingi waya ya juu ni ya manjano na ya chini ni ya kijani, lakini usiamini rangi kuliko mchoro, hasa huku kwetu ambako kila mtu anatengeneza na waya aliyoipata.

Nilivyofanya, na nilivyokosea

Nilianza vizuri. Nilipima betri: mashini hizi zinatumia volti 24, na betri dhaifu ni mwongo mkubwa. Wakati wa kuwasha, umeme ukianguka sana kompyuta zinazimika na kuwaka upya, na kila moja inaandika kosa la mwenzake. Betri zilikuwa nzima. Nikaangalia waya nene za hasi zinazofungwa kwenye chuma cha mashini, nikazikwangua, nikazikaza.

Halafu nikasoma kodi za makosa. Kwenye J1939 kodi ina sehemu mbili: ya kwanza inasema ni kitu gani, ya pili inasema kimekuwa namna gani. Tulikuwa na SPN 639 pamoja na FMI 9. Hiyo 639 ni mtandao wenyewe wa J1939, na hiyo 9 inasema ujumbe hauji kwa wakati wake. Kulikuwa na nyingine pia, kutoka kompyuta mbalimbali, zote zikilalamika kwamba hazisikii wenzake.

Hapa kuna akili ambayo hakuna kitabu changu kilichoniambia wazi. Kompyuta zote zikimlalamikia mmoja, mtazame huyo mmoja: labda hapati umeme, labda kweli amekufa. Lakini zikigawanyika makundi mawili, kundi hili likilalamikia lile na lile likilalamikia hili, basi hakuna aliyekufa. Daraja kati yao ndilo limekatika. Kodi zetu zilikuwa za namna hiyo. Za kabini zilisema hazisikii injini na gia, na za injini na gia zilisema hazisikii kabini. Niliziona zote, nikaziandika kwenye daftari langu vizuri na mstari chini, na sikuelewa nilichoandika.

Nikapima omu. Mashini ilikuwa imesimama, imenyooka, baridi. Multimeta ikasema 60,3. Nikapima volti baada ya kurudisha betri na kufungua kontakti: CAN ya juu 2,6, CAN ya chini 2,4. Hizo ni namba nzuri. Waya zikiwa kimya zote mbili hukaa karibu volti 2,5. Ujumbe ukipita, ya juu inapanda karibu 3,5 na ya chini inashuka karibu 1,5, na kwa vile mambo hayo yanakwenda haraka sana, multimeta inakuonyesha wastani tu. Ningeona ya chini iko kwenye 0, ningejua inagusa chuma. Ningeona ya juu iko na volti 24, ningejua inagusa waya ya betri.

Basi nikasimama mbele ya patroni, mbele ya mafundi wote, na mbele ya yule Papa, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye diplome: "Waya ziko sawa." Mkubwa wa mafundi akapiga makofi. "Munasikia? Waya ziko sawa. Ni kalkilateri."

Sikusema kalkilateri imekufa. Lakini nilikuwa nimemfungia Papa yule mlango, na nililala nikijua hivyo.

Swali ambalo sikuuliza

Kesho yake jioni tulikula bugali na sambaza chini ya turubai, mvua ikinyesha. Papa alikuja kukaa karibu yangu. Hakuwa na hasira. Akaniambia: "Injenia, weye umepima kila kitu, lakini mimi haukuniuliza hata neno. Hii mashini haizimike ovyo. Inazimika kila mara nikiikunja kushoto."

Nilisikia aibu mpaka kwenye masikio.

Kwa asiyejua: niveleze ina kiungo katikati ya mwili wake. Sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma zinaweza kukunjana ili izunguke kwenye kona nyembamba, na kona za kwenda Ngomo ni nyingi. Kwenye mashini yetu kabini iko kwenye sehemu ya mbele, injini na gia kwenye sehemu ya nyuma. Waya zote zinazopita kati yao, pamoja na zile mbili za CAN, zinapita juu ya kiungo hicho. Makundi mawili, na daraja katikati. Daftari langu lilikuwa limenieleza tangu siku ya kwanza.

Asubuhi tuliiwasha. Papa akaikunja kushoto taratibu. Taa zote zikawaka. Tukazima hapo hapo bila kuinyoosha, nikatoa betri, nikapima: omu 120. Tukairudisha ikanyooka, nikapima tena: 60. Nilimwomba patroni aje ashike multimeta kwa mikono yake. Kushoto 120, katikati 60. Tulirudia mara tatu.

Nilifungua bomba la plastiki linalofunika waya juu ya kiungo. Ndani kulikuwa na ufundi wa zamani: mtu alipitisha waya ya taa ya ziada miezi mingi kabla, akakata waya ya CAN bila kutaka, akaiunga kwa kuisokota na vidole na kuifunga skochi. Shaba ilikuwa imekuwa ya kijani. Waya ikinyooka, shaba inagusana. Ikivutwa kushoto, inaachana kwa upana usiozidi unywele.

Kutengeneza vizuri

Tulikata sehemu yote iliyooza, tukaweka waya mpya mbili za unene ule ule. Tulizisokota pamoja kama za zamani, ju kusokotwa huko si mapambo: kelele ya umeme kutoka altaneta inaingia kwenye waya zote mbili sawasawa, na kwa vile kompyuta inasoma tofauti kati ya hizo mbili, kelele inajifuta yenyewe. Tulichomea viungio kwa risasi, kila kimoja mahali pake ili visigusane, tukavifunika na mirija inayonywea kwa moto. Hatukuviweka juu ya kiungo cha mashini bali kando, mahali pasipokunjika. Tuliacha ulegevu wa kutosha kwa kona kali, tukafunga mbali na chuma chenye ncha.

Gharama ya vitu vyote haikufika dola 20. Multimeta yangu mwenyewe nilikuwa nimeinunua Kadutu kwa dola 15. Alasiri ile niveleze ilikuwa barabarani.

Patroni alifuta deni la dola 4.800. Siku tatu ambazo Papa alikuwa amesimamishwa, alilipwa mbili. Hakuna aliyemwomba msamaha isipokuwa mimi, na mimi nilichelewa.

Ya kubeba mfukoni

Moja. Anza na aliyekaa kwenye kiti. Muulize: inatokea lini? Ikiwa ya moto au ya baridi? Ikipanda, ikikunja, ikitikisika? Kipimo kilichofanywa wakati kosa halipo kinathibitisha tu kwamba kosa halipo sasa hivi.

Mbili. Kosa linalokuja na kuondoka litafute kwa kulitikisa. Shika waya, vuta kidogo, kunja, gongagonga fishi huku mwenzako akitazama multimeta.

Tatu. Usipopaona mahali, gawanya njia katikati. Chomoa fishi ya katikati, pima upande huu na upande ule. Ulio mbaya, ugawanye tena. Hivyo hutafungua mashini nzima.

Nne. Usitumie taa ya kupimia ya volti 24 kwenye pini za kompyuta. Usiruhusu mtu kuchomelea kisu cha niveleze kwa umeme kabla ya kutoa betri na kuchomoa kompyuta kama kitabu cha mashini kinavyoelekeza. Na usielekeze maji ya presha kwenye fishi wakati wa kuosha.

Tano. Kalkilateri iwe ya mwisho kushutumiwa. Inaweza kufa kweli, lakini kabla ya kuizika, hakikisha inapata umeme, inapata hasi, na waya zake zinafika kwa wenzake.

Wandugu, wengi wetu tunalalamika kwamba hatuna zile programu za uchunguzi za bei kali ambazo wenye kampuni kubwa wanazo. Ni kweli, zinasaidia, na siku moja tutazipata. Lakini ile sheria ya rezista mbili sambamba tulipewa bure mwaka wa kwanza. Mimi nilikuwa nayo kichwani, nilikuwa na multimeta mkononi, na bado nilikaribia kumharibia mtu maisha yake ju nilitaka kuonekana najua kabla ya kuuliza.

Kama uko kwenye shantie, kwenye garaji au bado kwenye stage, na umekutana na kosa la namna hii, tuandikie hapa ulivyolitafuta mpaka ukalipata. Na kama ulikosea njiani, andika hilo pia. Mwenye kuja nyuma yako atalihitaji.

Tuko pamoja.